Miezi Mia Moja

Mhadhara kwa watumishi wanaokaribia kustaafu na wenza wao, Morogoro

 

Nimetambulishwa hapa kuwa mtaalamu wa fedha. Naomba kumbukumbu zirekebishwe. Nilikuwa mhasibu wa halmashauri kwa miaka 33, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kurudisha hati za malipo za watu. Hati haina kiambatanisho, rudi nayo. Masurufu ya safari ya Machi hujarejesha, basi safari ya Aprili hakuna. Bwana shamba mmoja nilimkatalia shilingi 12,000 za mafuta ya pikipiki kwa sababu risiti yake ilinyeshewa na tarehe ikawa haisomeki. Mwaka 2016 nikafikisha miaka 60, nikastaafu kwa lazima kama sheria inavyotaka, nikalipwa mafao yangu. Kwa miezi 41 iliyofuata nikatumia fedha nyingi kuliko nilizowahi kuzishika kwa jina langu, bila daftari, bila risiti, bila hata kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara. Nyumba yangu ingekuwa halmashauri, mkaguzi angetupa hati chafu, nasi tusingekuwa na hoja ya kujibu.

Kwa hiyo sikuja kama mtaalamu. Nimekuja kama mfungwa aliyemaliza kifungo. Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote mtakayoyasikia leo ni matawi yake: mkupuo hauhesabiwi kwa shilingi, unahesabiwa kwa miezi.

Tuanze na kikokotoo, yaani kanuni ya kuhesabu mafao. Neno hili mmelisikia redioni mpaka limekuwa kama jina la mtu mbaya. Mifuko minne ya zamani ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa mwaka 2018 ikazaliwa PSSSF. Kanuni mpya ya mafao ikatoka mwaka huohuo, ikazua kelele, na Desemba 2018 Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja kanuni moja kwa wote: theluthi, yaani asilimia 33, unapewa kwa mkupuo, na asilimia 67 inakuwa pensheni ya kila mwezi. Kelele hazikuisha, hasa za walimu. Bajeti ya Juni 2024 ikapandisha ile 33 kuwa 40 kwa watumishi ambao zamani kanuni yao ilikuwa asilimia 50, na kuwa 35 kwa wale ambao zamani walikuwa wa asilimia 25. Nadhani wengi mliomo humu ni wa 40.

Sasa chukueni kalamu. Mwalimu ametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Wastani wa mshahara unaotumika katika hesabu yake ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, kwa mwaka 14,400,000. Zidisha miezi 360 kwa hiyo 14,400,000, gawanya kwa 580. Unapata shilingi 8,937,931. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka mzima, kama asingechukua mkupuo wowote. Asilimia 40 ya hiyo inazidishwa kwa 12.5, ndiyo mkupuo: shilingi 44,689,655. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa 12, ndiyo pensheni ya mwezi: shilingi 446,897.

Hapo ndipo watu wengi hufunga daftari. Wameshaona milioni 44, na macho yameshaondoka kwenye karatasi yameenda kwenye mabati. Mimi nawaomba mfanye hesabu moja zaidi, ambayo sijawahi kuisikia ikifanywa katika semina yoyote ya wastaafu. Gawanyeni mkupuo kwa pensheni ya mwezi mmoja.

Jibu ni 100. Si tisini na ngapi, si mia na kitu. Mia moja kamili. Na si kwa mwalimu huyu peke yake. Awe mlinzi wa shule au mkurugenzi, awe ametumikia miaka 20 au 38, mstaafu yeyote wa asilimia 40 mkupuo wake ni pensheni yake ya miezi 100. Ndivyo kanuni ilivyo: 40 mara 12.5 mara 12, gawanya kwa 60. Kwa wale wa asilimia 35 ni miezi isiyofika 81. Na sisi wa LAPF na PSPF ya zamani, ambao kanuni yetu ilikuwa nusu kwa nusu na kizidisho cha 15.5, tulipewa miezi 186. Nayasema haya nikijua yanauma. Mimi niliyelipwa 186 sina uso wa kumwambia aliyelipwa 100 avumilie, wala sikuitwa hapa kuitetea kanuni.

Ile 12.5 ni miaka. Mwalimu wetu asingechukua mkupuo, angelipwa 744,828 kila mwezi. Amekubali kupungukiwa 297,931 kila mwezi maisha yake yote, na badala yake akapewa papo hapo jumla ya punguzo hilo la miaka 12 na nusu. Hakuna aliyempa zawadi. Amelipwa fedha yake mwenyewe kabla ya siku yake, kama mkulima anayeuza mpunga ukiwa bado shambani. Wazee wetu waliyaita malipo ya namna hii kiinua mgongo, na neno hilo lina picha nzuri: mtu ameinama kwa kazi miaka mingi, mwajiri anamsaidia kunyoosha mgongo. Lakini neno limetuponza. Tunadhani tumesaidiwa kunyanyuka, kumbe tumekabidhiwa mzigo wa kubeba miezi mia.

Nilipoijua hesabu hii nilikuwa nimeshachelewa. Hata hivyo, tulikaa mezani mimi na mama watoto, tukakumbushana miezi yetu 186 ilikwenda wapi. Ilituchukua jioni tatu. Nyumba, miezi 70. Bajaji mbili, miezi 38. Harusi ya binti, 14. Kuku, 9. Miezi 24 ilikuwa imebaki, na hiyo ipo mpaka leo, nitaeleza ilipo. Jumlisheni: mnapata 155. Miezi 31 haikuonekana. Nilitaka kuiandika "mengineyo", kama tulivyozoea ofisini. Mama watoto akaninyang'anya kalamu akaandika "sijui". Safu hiyo ya "sijui" ni kubwa kuliko harusi na kuku kwa pamoja, nami ndiye mhasibu.

Kabla sijaifungua safu hiyo, nisahihishe kitu kimoja kuhusu pensheni yenyewe, kwa maana mtumishi anapoona 446,897 baada ya kuzoea milioni na laki mbili huhisi ametupwa jalalani. Nimekaa na orodha za mishahara miaka 33. Mshahara wa 1,200,000 ukitoa kodi, mchango wa mfuko asilimia 5, bima ya afya asilimia 3 na chama asilimia 2, unabaki kama laki tisa na kidogo. Sasa mnyooshe mkono, nani humu anapokea laki tisa yake nzima? Naona mmoja. Mama, hongera.

Wengine wote mna mkopo wa benki, na kinachowakinga ni ile kanuni ya theluthi, kwamba makato yasimwache mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Theluthi ya 1,200,000 ni laki nne. Kuna watu niliwaona kwenye karatasi zangu wakiishi kwa theluthi miaka kumi na tano mfululizo, mkopo juu ya mkopo. Hao walikuwa tayari wanaishi kwa pensheni, tena pungufu, isipokuwa hawakuambiwa. Kinachopotea siku ya kustaafu, kwa mtu wa namna hiyo, si mshahara. Kinachopotea ni posho ya safari iliyokuwa ikiziba tundu la katikati ya mwezi, na ile heshima ya kukopesheka. Mwenye duka aliyekuwa akiandika jina lako kwenye daftari lake bila kukuuliza, sasa anakuuliza. Ndiyo maana nasema, mkopo wa mwisho wa benki uishe mwaka mmoja kabla ya barua ya kustaafu, ili upate miezi 12 ya kujifunza kuishi bila kukopa wakati mshahara bado unaingia. Asiyefanya hivyo atalipa deni la zamani kwa miezi mipya.

Sasa nyumba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunazikwa.

Nilistaafu nikiwa na boma. Lenta ilikuwa imefungwa tangu 2009, na mipapai ilikuwa imeota sebuleni. Ramani ilichorwa wakati watoto watano wote wako shule, kwa hiyo ilikuwa na vyumba vitano vya kulala, sebule, sehemu ya kulia chakula, na kibaraza mbele ambacho sijui tulikusudia kumkaribisha nani. Mafao yalipoingia, sikuuliza tena swali la msingi: nani atalala humo? Wanne walikuwa wameshaondoka, wa tano yuko chuo. Nilipaua vyumba vitano kwa ajili ya wazee wawili. Fundi alinishauri mabati ya rangi, nikakubali. Akanishauri tuinue paa liwe la mgongo wa juu, kama la jirani, nikakubali, mbao zikaongezeka mara moja na nusu. Vigae, geti la chuma, kisima cha kuhifadhia maji. Kila jambo peke yake lilikuwa na maana. Hakuna lililotajwa kwa miezi. Angekuja mtu akaniambia, "Mzee, geti hili ni miezi sita ya kula kwako," ningeweka mabanzi.

Silaumu kujenga. Mstaafu anayepanga chumba ana shida ambayo hakuna daftari litakaloitatua, maana kodi ya nyumba haistaafu. Ninachosema ni kwamba nyumba ya mstaafu ipimwe kwa watu watakaolala ndani yake mwaka ule, si kwa watu waliokuwapo siku ramani ilipochorwa. Sisi tulikuja kuamka baadaye. Tukaziba mlango wa ndani wa vyumba viwili, tukatoboa mlango wa nje, tukajenga choo kidogo, tukapangisha wanafunzi. Mji huu una bahati ya vyuo. Katika miezi yangu 70 ya nyumba, hiyo ya vyumba viwili ndiyo pekee inayorudi, na hurudi kila mwezi tarehe tano.

Bajaji nitazisema haraka, kwa kuwa kila mtu humu ana shemeji aliyewahi kununua. Dereva wa kwanza alileta hesabu siku 40 bila kukosa, nikaona ajabu kwamba nilipoteza miaka 33 ofisini. Siku ya 41 tairi. Siku ya 44 askari wa barabarani. Baadaye mama yake akaugua, kisha akaugua tena. Nikanunua ya pili ili ifidie ya kwanza, jambo ambalo ningemwona mkuu wa idara akilifanya ningemwandikia barua. Zote mbili niliziuza kwa bei ambayo hata moja mpya isingenunulika. Kuku nao walikufa kwa kideri ndani ya wiki moja, mia mbili na kitu, kwa sababu niliusoma ufugaji ule kwenye karatasi aliyonipa mtu, na kwenye karatasi kuku haugui. Kwenye karatasi kila jike anataga, kila yai linanunuliwa, na chakula cha kuku hakipandi bei. Kama hukuwahi kufuga kuku kumi ukiwa kazini, usifuge mia mbili ukiwa umestaafu. Biashara ya mstaafu ni ile aliyoianza akiwa na mshahara, ikamtia hasara akiwa na mshahara, akajifunza.

Tufungue "sijui".

Wiki ya pili baada ya fedha kuingia nilianza kusikia hodi. Sijui watu huijuaje tarehe. Wengine nilikuwa sijawaona tangu msiba wa baba. Wanakaa, wanakunywa chai, wanakumbusha jinsi marehemu fulani alivyonibeba mgongoni kuvuka mto, na mwisho kabisa, wakiwa wameshasimama kuaga, wanasema, "Sasa mzee, kuna kajambo." Ada. Matibabu. Trekta la kukodi. Kijana anataka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, amepungukiwa nauli. Sikumbuki hata mmoja aliyeomba kiasi kikubwa, na hilo ndilo lililoniangusha. Elfu hamsini haitikisi milioni kadhaa. Lakini elfu hamsini kwa mwenye pensheni ya laki nne na nusu ni siku tatu na zaidi za nyumba nzima.

Kisha kuna harusi. Mkiwa kazini mnachangia kama watu wengine, kadi inakuja, unatoa ahadi, unalipa kwa awamu mbili. Ukistaafu unapandishwa cheo: unakuwa mwenyekiti wa kamati. Wanasema mzee ana busara na ana muda. Mwenyekiti hawezi kutoa ahadi ndogo kuliko katibu, na katibu ni meneja wa benki. Nimewahi kuwa mwenyekiti wa kamati tatu katika mwaka mmoja, nami nauita ule mwaka wangu wa uongozi.

Siwaambii mfunge mlango. Mzee asiye na watu katika nchi hii ni maskini hata akiwa na fedha, na siku ya msiba wako hawatakuja watoza riba, watakuja haohao wa hodi. Tulichofanya sisi ni kuwapa watu kasma yao, kama halmashauri inavyofanya. Kila mwezi fungu la watu ni asilimia 10 ya pensheni: michango, rambirambi, zawadi ya mtoto aliyezaliwa, nauli ya mgeni. Likiisha tarehe 9, limeisha. Anayekuja tarehe 10 anapata chai, na anaambiwa ukweli, "Fungu la mwezi huu limekwisha, nikuandike la mwezi ujao?" Wengi hawarudi mwezi ujao. Wanaorudi ni wale wenye shida kweli, na hao tunawapa kwa moyo mweupe. Katika misiba nimegundua jambo ambalo fedha ilinifichia. Nikifika mapema, nikakaa mpaka jioni, nikaandika daftari la rambirambi kwa mwandiko wangu wa kihasibu, hakuna anayeuliza mzee ametoa ngapi.

Katika "sijui" yetu hamkuwa na matapeli, kwa bahati tu. Wenzangu kadhaa wamepigiwa simu na sauti nzuri ya dada anayejitambulisha kuwa anatoka kwenye mfuko, anajua jina lako kamili na shule uliyofundisha, anasema mafao yako yamekosewa, unadai milioni tatu, tuma kwanza laki moja ya kurekebisha faili. Sote tumeucheka ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Utapeli huu wa simu hauchekeshi. Na wengine mnakumbuka mwaka 2009, upatu wa DECI, watu walivyopanga foleni "kupanda mbegu" ili wavune mara mbili na zaidi. Waliopanda walikuwa watu wazima wenye akili, na wapo wastaafu waliopanda mkupuo wote. Halafu kuna kausha damu. Huyu hakutumii ujumbe, yuko mtaani kwako, unamjua kwa jina. Anakupa laki mbili, anachukua kadi yako ya benki na namba ya siri, na kila pensheni ikiingia yeye ndiye anayekwenda mashineni. Nimemwona mzee mwenzangu, mtu aliyeongoza idara, akimsubiri kijana wa miaka 26 nje ya benki ampe kilichobaki. Mkisahau yote ya leo, hili la kadi msilisahau.

Ile miezi 24 iliyosalia niliinunulia hatifungani ya Serikali ya muda mrefu. Ukiwa na kuanzia shilingi milioni moja unaweza kuingia kupitia benki au dalali wa hisa, na riba inaingia kwenye akaunti mara mbili kwa mwaka. Kwa anayetaka kidogo kidogo kila mwezi, UTT AMIS wana mfuko wa hatifungani wenye mpango wa kugawa kipato kila mwezi. Haya si mambo ya kusimulia kijiweni, hayana bajaji ya kupigia picha. Usiache mbachao kwa msala upitao: ningeweka miezi 100 kati ya zile 186 mahali kama hapo siku ya kwanza, nisingekuwa nasimama mbele yenu kuwachekesha.

Riba ya Julai kwetu ina kazi moja, chakula. Mahindi na maharage huwa na bei ya chini baada ya mavuno, na mpunga wa Kilombero ukishaanza kuingia mjini kwa wingi mchele nao hutulia. Mfanyakazi hununua kilo mbili jioni akitoka kazini, kwa bei ya duka la jirani. Mstaafu ana kitu ambacho mfanyakazi hana, yaani saa nne asubuhi ya Jumanne. Tunakwenda wenyewe sokoni, tunachagua, tunanunua magunia ya miezi mingi, tunahifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asile kabla yetu. Januari bei ikipanda, sisi tunasikia tu majirani wakilalamika. Mafuta ya kupima tuliacha, tunanunua dumu.

Umeme nao. Watoto walipoondoka tuliendelea kulipa bei ya nyumba yenye watoto watano. Kumbe kuna kundi la matumizi madogo ya nyumbani, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ambalo uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi, wakati kundi la kawaida ni 292. Tulipima matumizi yetu miezi mitatu, tukaona tukiacha pasi ya kila siku na jokofu la pili lililokuwa likipoza maji tu, tunatosha humo. Tukaomba tuhamishwe.

Bima ya afya nitaigusa tu. Mstaafu aliyekuwa mwanachama wa NHIF hubaki na kadi yake na ya mwenza wake. Watoto hawamo tena, kwa hiyo kijana aliyehitimu chuo na bado yuko nyumbani akitafuta kazi, ugonjwa wake unalipiwa taslimu. Kwa wazee wenyewe, ninayoyaona kwenye daftari letu ni kwamba kinachotugharimu ni nauli ya kliniki na ile dawa moja ambayo siku hiyo haipo dirishani. Tumeziwekea bahasha. Presha yangu na sukari ya mama watoto zina bahasha moja, maana zinasafiri pamoja.

Sasa nyumbani penyewe, asubuhi.

Hakuna semina iliyonieleza habari ya asubuhi. Niliendelea kuamka saa kumi na moja, naoga, navaa, kisha nakaa sebuleni nikiwa na viatu. Saa mbili nilikuwa nimeshakagua jiko. Mama watoto aliendesha nyumba ile kwa miaka 35 kwa hela ya matumizi niliyoacha mezani, na sikuwahi kuuliza imetumikaje mradi wali upo. Ghafla niko pale, nauliza vitunguu vinne vya nini wakati mchuzi ni mmoja. Siku moja akaniletea kiti, akakiweka katikati ya jiko, akasema, "Kaa hapa mkaguzi, leo unapika wewe, mimi nitakagua." Nilipika. Sitaeleza.

Baada ya siku hiyo ndipo daftari lilipoanza. Nilikuwa nimelidhania ni chombo cha kumdhibiti yeye, likawa ni chombo cha kunidhibiti mimi. Tumeligawa kwa lugha ya ofisini, kwa sababu ndiyo lugha ninayoielewa. Matumizi ya kawaida yanatoka kwenye pensheni na kodi ya vyumba viwili: chakula cha kila siku, umeme, maji, gesi, vocha, bahasha ya dawa, fungu la watu. Matumizi ya maendeleo, kama kupaka rangi au kubadili kitanda, yanatoka kwenye riba ya pili ya mwaka tu. Hairuhusiwi kuhamisha fedha ya maendeleo kwenda kwenye matumizi ya kawaida bila vikao viwili, na kikao kimoja lazima kifanyike asubuhi, kwa sababu usiku watu wana huruma. Mwandishi ni mimi, mkaguzi ni yeye. Mwaka jana alinipa hati yenye mashaka, kwa hoja moja ya shilingi 15,000 iliyoandikwa "rafiki". Nilijibu hoja. Hakuridhika.

Yeye pia anajua namba ya siri, anajua faili la mfuko liko wapi, barua ya kustaafu iko kwenye bahasha gani, na uhakiki wa wastaafu unafanywaje. Nimeona wajane wakizunguka miezi wakitafuta karatasi ambayo mume aliiweka "mahali salama".

Naombeni pia tusiondoke hapa tukijihurumia kupita kiasi. Wazee wengi wa nchi hii hawana kikokotoo cha kugombania. Aliyelima Uluguru maisha yake yote hana mkupuo wala pensheni, ana watoto na mvua. Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni jamii, awe aliajiriwa au la, na fedha ile ni kidogo, lakini inaingia kila mwezi. Huku bara bado tunaizungumza. Mimi ningependa tuizungumze kwa sauti zaidi, hasa sisi tulio na chetu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Daftari nimekuja nalo, lipo pale mezani, atakayetaka kuona jinsi safu zilivyochorwa aje alifungue, isipokuwa kurasa za Desemba, hizo mama watoto amezibana na pini. Nauli ya kuja na kurudi, shilingi 1,200, niliiandika asubuhi kabla sijatoka. Chai na maandazi mliyonipa sijayaandika, nasubiri nifike nyumbani nimuulize yanaingia safu gani.